Sura ya Saba: Mstari wa Thelathini na Sita

Gari la kumchukua Vendel Csomor kumpeleka mahabusu ya Szeged lilikuwa lifike saa kumi alasiri, na Luteni Etelka Rónaszéki alibakiwa na kazi moja tu, kufunga jalada. Kazi ya karani hiyo. Unahesabu karatasi, unazipa namba, unatia sahihi, unafunga uzi, unakwenda zako kunywa kahawa. Csomor, dereva wa shule ya sekondari hapa Makó, alikuwa amekiri jana yake. Alikiri kwamba Jumamosi saa kumi alasiri, akiendesha Lada ya shule, alimgonga mzee Illés Gajdos aliyekuwa akirudi kwa baiskeli kutoka shamba lake la vitunguu, akamwacha kwenye barabara ya tuta la mto Maros mpaka akafa. Kapteni Hornyák alikuwa amemwambia Etelka mara tatu tangu asubuhi kwamba mtu akishakiri kesi imekwisha, na mara ya tatu alisema hivyo huku kinywa kimejaa skonzi za jibini.

Kilichomkwamisha ni kisanduku kimoja kwenye fomu. Kielelezo namba tisa, daftari la hesabu la Mwalimu Lőrinc Pálvölgyi, kimehakikiwa na nani? Jumapili Etelka alikuwa ameandika jina lake hapo kwa penseli. Leo Jumanne ilitakiwa wino, na mkono ukagoma. Hakuwa amehakiki kitu. Alikuwa amelifunua daftari, akaliona limejaa, akalifunga.

Kesi yenyewe ilikuwa ya funguo mbili. Lada ilikutwa Jumapili asubuhi kwenye ua wa shule, taa ya kulia imevunjika, na kwenye bampa kuna rangi ya kijani ya baiskeli ya marehemu. Ufunguo mmoja hukaa mfukoni mwa Csomor, wa pili huning'inia kwenye msumari katika chumba cha walimu. Jumamosi mchana shuleni walikuwamo watu wawili tu. Csomor alikuwa chini, kwenye chumba cha tanuri la maji, amelala na chupa yake ya pombe kali ya plamu. Mwalimu Pálvölgyi alikuwa ghorofani, katika chumba cha hisabati. Ama huyu ama yule.

Etelka alianza na wa ghorofani, na hapo ndipo alipoharibu. Pálvölgyi alimfundisha miaka minne. Alimkaribisha kwa maji ya soda na sharubati ya rasiberi, akamwita mwanangu, akamwekea daftari mezani. Alikuwa ameshughulika na namba moja, 3,215,031,751, aliyotaka kuwapa wanafunzi wa kikundi chake cha hisabati. Swali lilikuwa hili: je, ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, au inavunjika? Pálvölgyi hajawahi kuwapa watoto swali ambalo hajalitolea jasho mwenyewe kwa penseli. Miaka thelathini yuko hivyo, Makó nzima inajua, hata muuza nyama anajua. Basi Jumamosi, alisema, alikaa kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili na robo akiigawanya kwa kila namba tasa iliyo chini ya elfu moja, moja baada ya nyingine, na kila mara ikabaki kitu. Zaidi ya elfu wangeendelea watoto wenyewe.

Etelka alihesabu mistari, ikawa mia moja sitini na minane, ambayo ndiyo idadi ya namba tasa zilizo chini ya elfu. Kwa mtu aliyezoea, kila mgawanyo wa namba ndefu hivyo unakula dakika moja na nusu. Ukizidisha unapata saa nne na dakika kumi na mbili. Ilikaa sawa kabisa. Alimshukuru mwalimu wake, akamaliza sharubati, akashuka chini kumkamata Csomor akiwa bado anajikuna usingizi. Mambo yote ya ghorofani yalichukua dakika kumi, na tano kati ya hizo ni za kuulizana habari za nyumbani. Csomor alisema hakumbuki kitu. Jumatatu, baada ya kuhojiwa tangu asubuhi hadi jioni, alikumbuka.

Sasa, mbele ya kile kisanduku, Etelka aliona haya peke yake ofisini. Akachukua penseli na karatasi, akaanza kugawanya kama binti wa kidato cha kwanza.

Mbili, ikabaki moja. Tatu, moja. Tano, moja. Saba, moja. Kumi na moja, ikabaki nane. Kumi na tatu, tisa. Daftari lilisema hivyo hivyo. Alikwenda mpaka arobaini na saba, ambao ni mstari wa kumi na tano, na kote mwalimu alikuwa sahihi. Etelka akaanza kujiona mjinga aliyekuja kumpima mtu mzima.

Kisha akafika hamsini na tatu. Daftari lilisema baki ni arobaini. Yeye alipata ishirini na tatu. Alirudia, ishirini na tatu tena. Hamsini na tisa, daftari lilisema kumi na mbili, yeye akapata thelathini na nne. Mtu mmoja kati yao hakuwa anagawanya. Mwanzoni alijishuku mwenyewe, maana darasani alikuwa maarufu kwa kusahau kushusha sifuri. Aliendelea, mstari kwa mstari, na kuanzia hapo hakupata hata mmoja uliolingana. Alipofika mstari wa thelathini na sita, wa kugawanya kwa mia moja hamsini na moja, daftari liliandika baki themanini na nane. Kwenye karatasi yake hakikubaki kitu.

Alijihakiki kwa njia aliyofundishwa na Pálvölgyi mwenyewe, ya kujumlisha tarakimu na kutupa tisa tisa. Mia moja hamsini na moja inatoa saba. Jawabu lake, 21,291,601, linatoa ishirini na mbili, yaani nne. Saba mara nne ni ishirini na nane, na tarakimu za ile namba kubwa jumla yake ni ishirini na nane. Hapakuwa na kosa. Namba ilikuwa imevunjika, na imevunjwa na kitu kidogo ambacho mtu yeyote aliyekuwa akigawanya kweli angejikwaa nacho.

Kapteni Hornyák alimsikiliza akiwa amesimama, ishara kwamba hataki mazungumzo marefu.

"Namba haigongi mtu, Luteni."

"Namba haikugonga, afande. Lakini huyu hakuwa mezani pake."

Kapteni alisema anachokiona yeye ni mwalimu mzee aliyekosea hesabu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akipigwa fimbo kwa hesabu hizo hizo na hakuna aliyemfungulia mashtaka. Mkononi kulikuwa na karatasi ya kukiri yenye sahihi. Gari likija saa kumi, Csomor anapanda. Ikiwa Etelka ana kitu cha maana kabla ya hapo, alete. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini.

Jambo moja halikumwingia akilini. Mtu anayetaka kubuni hesabu hachagui namba asiyoijua. Pálvölgyi asingethubutu kuandika mistari ya uongo kwa namba ambayo inaweza kumkana mbele ya watoto. Lazima aliamini kabisa kwamba haigawanyiki. Nani alimwambia? Etelka alipiga simu posta kuulizia simu zilizopigwa kutoka shuleni, na baada ya nusu saa akapewa moja ya Ijumaa, kwenda taasisi ya kompyuta huko Szeged, kwa mtu anayeitwa Koltay.

Koltay alikuwa mchangamfu na alipenda kueleza. Ndiyo, Lőrinci, ndivyo alivyomwita Pálvölgyi, ni rafiki yake tangu chuoni, alimpa ile namba aipitishe kwenye mashine. Kuigawanya kwa kila kitu ni kazi ya zamani, alisema. Siku hizi unachukua mbili, unaizidisha kwa yenyewe mara nyingi sana kwa mpango maalumu, unagawanya kwa namba yako, na kama namba ni tasa baki huwa ni ile inayotegemewa. Ukiwa na shaka unarudia kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Hii ilifaulu zote nne. Kwa hiyo alimpigia Lőrinci siku ile ile akamwambia ni tasa, alale usingizi.

Etelka akamwomba achukue penseli. Akamtajia mia moja hamsini na moja, akamtajia 21,291,601. Upande wa pili ikasikika karatasi ikikwaruzwa. Kisha Koltay akasema, kwa sauti iliyopungua, kwamba kufaulu majaribio yale si uthibitisho, ni dalili tu, na kwamba alikuwa amesahau kulitaja hilo. Akauliza kama Lőrinci ameshawapa wanafunzi. Etelka alimwambia hapana, jambo ni baya zaidi kidogo.

Shuleni alifika saa nane unusu. Mwalimu Pálvölgyi alikuwa na kipindi kitupu, amekaa peke yake katika chumba cha hisabati akila mkate na pilipili hoho, karatasi ya gazeti imetandikwa chini makombo yasije yakadondoka. Alifurahi kumwona. Macho aliyakunja ili amtambue, na Etelka akajiuliza kwa nini Jumapili hakulitazama hilo.

"Mstari wa kugawanya kwa hamsini na tatu, Mwalimu," alisema, akimfungulia daftari. "Umeandika arobaini. Ni ishirini na tatu."

"Labda umesahau kushusha sifuri, mwanangu. Ndio ugonjwa wako."

"Na wa hamsini na tisa. Na iliyofuata yote mpaka nilipochoka."

Mwalimu alisogeza mkate pembeni. Alisema Jumamosi kulikuwa na joto, macho yake si yale ya zamani, na mtu akishagawanya mara kumi na tano kichwa hupiga kona. Amwekee alama ya sifuri, ameipata kihalali. Lakini namba yenyewe haikubadilika kwa sababu ya mzee mmoja kukosea mabaki. Ni tasa, na Etelka anaweza kuwauliza hata wa Szeged.

"Nimewauliza," Etelka akasema. "Igawanye hapo ubaoni kwa mia moja hamsini na moja."

"Kwa nini hiyo?"

"Nakuomba tu, Mwalimu."

Alisimama kwa madaha ya mtu anayekwenda kumfundisha mwenzake adabu. Aliandika ile namba ndefu kwa maandishi mazuri, akapiga mstari, akaanza kugawanya kwa sauti, maana hivyo ndivyo alivyowafundisha wote. Mia tatu ishirini na moja, inaingia mara mbili, inabaki kumi na tisa. Shusha tano. Inaingia mara moja, inabaki arobaini na nne. Shusha sifuri, na hapo alimgeukia Etelka akatabasamu. Mara mbili. Shusha tatu. Mara tisa, inabaki ishirini na nne. Chaki ilikwenda bila kusita. Shusha moja, mara moja, tisini. Shusha saba, mara sita, inabaki moja. Shusha tano, kumi na tano, haiingii, andika sifuri.

Akashusha tarakimu ya mwisho. Ubaoni pakawa na mia moja hamsini na moja chini, na mia moja hamsini na moja pembeni.

Hakuandika ile moja ya kumalizia. Alibaki amesimama na chaki, mgongo kwa Etelka, na Etelka akatamani asigeuke. Alikuwa amewahi kumwona mtu huyu akikosea mara moja tu katika miaka minne, na siku ile darasa zima lilipiga makofi.

"Ni mstari wa ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Wa thelathini na sita."

"Dakika hamsini na nne." Alisema polepole, akihesabu kwa ajili yake mwenyewe. "Ningekuwa nimemaliza saa tisa kasoro dakika sita. Ningetupa penseli, ningempigia Koltay nimtukane. Mistari mia moja thelathini na miwili inayofuata isingekuwapo." Akaweka chaki kwenye ukingo wa ubao. "Hii hesabu imenifunga, siwezi kuipinga."

Mengine aliyasema akiwa amekaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamembana. Mwezi Machi daktari wa macho alimnyang'anya leseni. Jumamosi dada yake wa Apátfalva alikuwa mgonjwa, basi la mchana lilikuwa limeondoka, na ufunguo ulikuwa pale kwenye msumari. Kwenda alikwenda salama. Kurudi, jua lilikuwa usoni, akasikia kishindo. Alisimamisha gari, akashuka. Mzee Gajdos alikuwa hai. Alimwomba amwinue kichwa, naye akamwinua, akamwambia anakwenda kuita gari la wagonjwa. Alikwenda kweli mpaka kwenye kibanda cha simu cha kwanza mjini. Hapo akafikiria leseni, akafikiria shule, akafikiria kwamba pengine mtu mwingine atapita. Akaendesha mpaka uani. Ile mistari kumi na mitano alikuwa ameigawanya kweli tangu Ijumaa. Iliyobaki aliijaza Jumamosi jioni kwa muda usiozidi robo saa, akiwa na hakika kwamba namba haiwezi kumwumbua.

"Na Csomor?" Etelka akauliza.

"Tangu Jumapili nilijiambia watamwachia. Alikuwa amelala, hana kosa, hawana ushahidi. Nilijiambia wakitaka kumpeleka Szeged nitasema." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu ageuke. "Kisha jana nikasikia amekiri. Tangu jana najiuliza, mwanangu. Mtu aliyelala usingizi chini ya ngazi anakirije?"

Etelka alimwambia avae koti.

Kapteni Hornyák, lazima tumpe haki yake, hakubishana na ubao. Alisoma maelezo ya Pálvölgyi mara mbili, akaagiza gari la Szeged libadilishiwe jina la abiria, akamwambia Etelka kazi nzuri. Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Katika kisanduku cha kielelezo namba tisa aliandika kwa wino kwamba kilihakikiwa Jumanne, na hapo chini akaongeza kwamba Jumapili hakikuhakikiwa, na kwa sababu ya nani. Kapteni alisema si lazima. Etelka alisema anajua.

Ikabaki kumfungulia Csomor. Angeweza kumtuma askari wa zamu, na miguu yake ilipendekeza hivyo, lakini alikwenda mwenyewe akiwa na mfuko wenye mkanda, kamba za viatu na saa ya mkononi ya yule mtu.

Csomor alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Ni mtu mpana, wa miaka hamsini hivi, mwenye kope nyeupe. Alimwona mlangoni akasimama, akanyoosha mikono mbele apate kutiwa pingu.

"Hapana, ndugu Csomor. Uko huru. Unakwenda nyumbani."

Hakushusha mikono. Ikabidi Etelka amweleze, kifupi, kwamba aliyekuwa akiendesha amepatikana, amekiri na ameeleza yote, na kwamba yeye Csomor alikuwa amelala kwenye chumba cha tanuri kama alivyosema tangu mwanzo. Csomor alisikiliza kwa heshima. Halafu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemsahihisha mgeni aliyekosea njia.

"Lakini nakumbuka, ndugu Luteni."

"Hukumbuki. Hukuwamo garini."

"Nakumbuka kofia. Ya bluu, ile ya kiwandani. Iliruka juu ya boneti ikaanguka upande wa mtoni. Nakumbuka kengele ya baiskeli ilivyolia yenyewe. Usiku naisikia."

Kofia ya bluu ilikuwa kielelezo namba nne. Ilikutwa upande wa mtoni. Jumatatu, kwenye saa ya sita ya mahojiano, Etelka aliiweka mezani mbele ya Csomor akamwuliza mara kumi, labda kumi na tano, iliruka vipi. Kengele aliitaja yeye pia. Aliitaja kwa sauti ya upole, kwa sababu upole ulikuwa umeanza kufanya kazi.

"Hayo nilikuambia mimi," alisema. "Yote. Kofia, kengele. Nilikuambia mimi, mpaka ukayaona."

"Ulisema nilifanya."

"Nilikosea."

Csomor alifikiri juu ya hilo. Alikaa tena kitandani, akauchukua mfuko, akatoa kamba ya kiatu kimoja, akaishika tu bila kuifunga.

"Jumatatu ulikuwa na hakika hivi hivi," akasema. "Sura yako ilikuwa hii hii. Sasa mimi nitajuaje kwamba leo ndiyo hukosei?"

Etelka alikuwa na karatasi ya hesabu mfukoni, safi, iliyohakikiwa mara mbili. Haikumfaa kitu kwa mtu huyu, na yeye ndiye aliyemfikisha hapo. Alikaa kitandani kando yake na kuanza kumweleza tena, kuanzia Jumamosi saa nane mchana, huku Csomor akitikisa kichwa.